UZI: VAT ya pedi ilifutwa 2018, ikarudishwa 2019. Ile hela ilikwenda wapi?

Mhasibu wa Msimbazi (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila Juni bajeti ikikaribia, lazima tusikie kwamba serikali inaipitia upya misamaha ya kodi. Hapo jukwaa linagawanyika. Kuna wanaosema misamaha yote ni ulaji wa wakubwa, na kuna wanaosema ikiguswa mwananchi wa chini amekwisha. Leo naomba tusiende huko kote. Tukae kwenye bidhaa moja tu, pedi, maana ile niliishuhudia kwa macho.

Kwa waliosahau: Juni 2018 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, alitangaza bungeni kufuta VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya 18% kwenye taulo za kike. Tukashangilia. Juni 2019 waziri huyohuyo akaomba VAT irudi. Sababu aliyotoa ni kwamba bei haikushuka, kwa hiyo msamaha haukumfikia mlengwa. Ikarudi.

Julai 2018 nilikuwa nafunga hesabu za duka moja la jumla Kariakoo. Jumatatu ya tarehe 2 bosi akaniita, "Kijana, hizi pedi sasa zinapigwaje kwenye mashine?" Nikazihamisha kwenye EFD, ile mashine ya risiti, kutoka fungu la 18% kwenda fungu la vilivyosamehewa. Kazi ya dakika tano. Kisha nikauliza, bei tunaandika ngapi? Akanionyesha ghala. Katoni zimepangwa hadi darini, zote zimenunuliwa Mei, zote zimeingia na VAT yake. "Huu mzigo nimeshaulipia kodi. Nishushe bei, hiyo tofauti ananipa nani?" Na kweli, ukiuza kilichosamehewa huruhusiwi kudai VAT uliyolipa wakati wa kununua. Bei ikabaki.

Mzigo mpya uliingia kama Septemba. Bei ya kiwandani ilikuwa imeshuka, ila ukigawanya kwa pakiti ilikuwa kama shilingi hamsini. Pakiti mtaani ilikuwa 2,000. Niambieni ni duka gani la uswahilini litauza pedi 1,950 na kuhangaika kutafuta hamsini ya chenji.

Swali langu: je, pale tatizo lilikuwa uchoyo wa wafanyabiashara kama tulivyoambiwa, au msamaha wenyewe ulifungwa vibaya tangu mwanzo?

Chuma Chakavu

Uchoyo. Funga uzi.

Mkuu, usituletee habari za katoni za Mei. Msamaha ulidumu mwaka mzima. Katoni za Mei zingeisha Agosti. Miezi kumi iliyobaki walikula wao.

Mpita Njia 88

Nimeona "VAT" nikadhani ni timu mpya imepanda daraja. Ngoja nikae pembeni nisome.

Mhasibu wa Msimbazi

Chuma Chakavu, sikatai kuna waliokula. Ila tuangalie ni kiasi gani kilikuwepo mezani. Watu walidhani VAT ikifutwa, bei inapungua kwa 18 yote. Haiendi hivyo. Chukua kalamu.

Kiwanda cha hapa kinanunua malighafi, plastiki, vifungashio na umeme vya shilingi 600. Juu yake kinalipa VAT ya 108. Kazi na faida yake ni 400. Kukiwa na VAT, kinauza 1,000 jumlisha 180, mnunuzi analipa 1,180. Ile 108 kinaikata, kinapeleka TRA, Mamlaka ya Mapato, 72.

Sasa samehe pedi. Kiwanda hakitozi 180, lakini ile 108 hakuna wa kumrudishia. Inageuka gharama. 600 jumlisha 108 jumlisha 400 ni 1,108. Kutoka 1,180 mpaka 1,108, nafuu ni shilingi 72. Ni kama 6%, na hapo mwenye kiwanda amekuwa malaika, hajaongeza hata senti.

Kama badala ya msamaha ingewekwa kiwango cha sifuri, kiwanda kingeuza bila VAT na kudai 108 yake irudishwe. Bei ingekuwa 1,000. Kwa mtu wa mtaani "kusamehewa" na "sifuri" ni kitu kimoja. Kwenye vitabu ni mbingu na ardhi.

Na kuna linaloniuma zaidi. Anayeleta pedi zilizokwisha kutengenezwa kutoka nje, bandarini hatozwi VAT. Tuseme mzigo unamsimamia 700, gharama zake za hapa ni 50 zenye VAT ya 9, faida 250. Anauza 1,009. Wa hapa, aliyeajiri mabinti zetu, anauza 1,108. Yaani msamaha uliotangazwa kwa ajili ya binti wa kijijini umempa wa nje nafuu ya shilingi 99 dhidi ya kiwanda chetu.

Chuma Chakavu

Hesabu nimeielewa, na nimeirudia kwenye simu, iko sawa. Ila bado: 72 ni 72. Mwananchi aliipata?

Mhasibu wa Msimbazi

Hakuipata. Kwenye duka langu tuliigawana sisi na wale wa rejareja, kimyakimya, bila hata kukaa kikao. Nakubali.

Mzee wa Kodi ya Mauzo

Wanangu, nimesoma kote. Nyinyi mmeanzia 2018, mimi nimeanza kazi ya vitabu wakati VAT haijazaliwa. Tulikuwa na kodi ya mauzo. Ile ilikuwa nyepesi: inatozwa mara moja, kiwandani au bandarini, basi. Ubaya wake, malighafi ikitozwa na bidhaa ikatozwa tena, kodi inapanda juu ya kodi. Ndiyo maana tarehe 1 Julai 1998 tukahamia VAT, ikaanza na 20%, ikashuka 18% mwaka 2009.

Anachosema Mhasibu ndicho hicho: ukisamehe bidhaa katikati ya mnyororo wa VAT, unairudisha kinyumenyume kwenye kodi ya mauzo. Kodi inabaki imefichwa ndani ya bei, haionekani kwenye risiti, haidaiki.

Sasa kuhusu kupitia upya misamaha, nimeona mengi. Mwaka huohuo wa 2009 Waziri Mustafa Mkulo alipeleka bungeni pendekezo la kuibana misamaha ya taasisi za dini. Mungu wangu. Maaskofu upande huu, masheikh upande ule, kwa mara ya kwanza wanaimba wimbo mmoja. Serikali ikarudi nyuma kabla bajeti haijapoa. Funzo ambalo wizara ililipata pale, nadhani hawajalisahau hadi leo, ni kwamba msamaha ni rahisi kuutoa kuliko kuunyang'anya.

Halafu ikaja ripoti ya CAG, Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali, ya mwaka 2011/12. Misamaha ya kodi zote ilifika shilingi trilioni 1.8, kutoka trilioni 1 na kidogo mwaka wa kabla yake. Ilikuwa zaidi ya robo ya makusanyo ya TRA. Kelele zilizopigwa bungeni ndizo zilizosukuma sheria mpya ya VAT ya 2014, iliyoanza kutumika Julai 2015. Ile sheria iliingia na panga kwelikweli. Ilisema hakuna msamaha nje ya orodha iliyomo ndani ya sheria.

Chuma Chakavu

Mzee wangu, shikamoo. Panga liliishia wapi?

Mzee wa Kodi ya Mauzo

Marahaba. Liliishia kwenye marekebisho. Mwaka mmoja tu baadaye orodha ya vyakula visivyosindikwa ikaongezwa, na hiyo ilikuwa haki, maana huwezi kumtoza mama wa genge VAT ya mchicha. Lakini mlango wa waziri kusamehe kwa tangazo kwenye Gazeti la Serikali ulirudi pia, kwa miradi ya serikali na kadhalika. Kila Sheria ya Fedha tangu hapo, fungua kurasa za VAT, utakuta kitu kimeingizwa na kitu kimetolewa. Ukisoma miaka kumi mfululizo ni kama mtu anayehamisha fenicha usiku.

Ritani Tarehe 20

Nilikuwa nasoma tu, ila mmegusa kazi yangu, wacha niseme kidogo. Sitasema nipo ofisi gani.

Ile takwimu ya "kodi iliyosamehewa" inavyopatikana, tukubaliane kwanza. Kwa vitu vinavyoingia bandarini ni rahisi: thamani ya mzigo ipo kwenye nyaraka za forodha, unazidisha kwa 18%, umepata. Kwa vinavyouzwa ndani unategemea ritani, yaani taarifa ya VAT ambayo mfanyabiashara analeta kila mwezi. Sasa anayeuza vilivyosamehewa peke yake hana haja ya kusajiliwa VAT, kwa hiyo ritani haleti. Na mwenye mauzo yasiyofika shilingi milioni 200 kwa mwaka (ilikuwa milioni 100 mpaka 2023) naye hayupo. Kwa hiyo takwimu inauona vizuri mzigo wa mwekezaji, ila magunia ya mahindi ya soko la Kibaigwa haiyaoni. Mtu akiisoma bila kujua hilo anaweza kudhani wakulima wetu hawapati kitu kabisa.

La pili ni kosa ambalo hata wabunge wanalifanya. Kwenye mfano wa Mhasibu, mtu atasema "serikali imepoteza 180". Siyo kweli. Ukifuta msamaha, kiwanda kinaanza kutoza 180, lakini siku hiyohiyo kinaanza kudai 108. Unachopata ni 72. Ukiandika kwenye kitabu cha bajeti kwamba utavuna 180, mwezi wa Machi utakuwa unatafuta mchawi.

Na la tatu, Mhasibu, sifuri unaipenda kwa sababu hukai dirisha la marejesho. Kiwango cha sifuri maana yake serikali inaandika hundi. Kiwanda kinadai 108 yake kila mwezi, taslimu. Msamaha hauandikiwi hundi na mtu yeyote, hasara inakaa kwenye bei na hakuna anayeiona. Ungekuwa Hazina, na mishahara ya mwezi inasubiri, ungechagua kipi?

Mhasibu wa Msimbazi

Hapo umenikamata, mkuu. Ila basi tusiambiwe ni msamaha wa mlaji. Tuambiwe ni msamaha ambao Hazina inaumudu.

Na mbona wakitaka wanaweza? Mwaka 2023 nguo zinazotengenezwa hapa kwa pamba ya hapa ziliwekewa kiwango cha sifuri, kwa mwaka mmoja, tarehe ya kuisha imeandikwa kabisa. Hiyo ndiyo njia ninayoipenda: unaweka tarehe, inafika, unakaa mezani na takwimu. Pedi mwaka 2018 hazikupewa hiyo sifuri, zilipewa msamaha. Halafu mwaka 2019, baada ya kurudisha VAT, wakawapa wawekezaji wapya wa pedi punguzo la kodi ya mapato, kutoka 30% hadi 25%, kwa miaka miwili. Kodi ya mapato inatozwa kwenye faida. Kiwanda kipya ndani ya miaka miwili kina faida gani? Bado kinalipa mkopo wa mashine.

Mja wa Kisauni

Hamjambo jamaa. Nawasomea kutoka Mombasa, na niseme tu ugonjwa ni mmoja, hospitali tofauti.

Sisi pedi VAT ilitolewa tangu 2004. Kisa chetu ni mkate na gesi. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka mkate utoke kwenye sifuri uende 16%. Mkate, jamaa! Chai ya asubuhi ya fundi wa mjengo. Walipoona moto wakautoa tarehe 18 Juni, lakini vijana walikuwa washatoka barabarani, tarehe 25 wakaingia Bunge, na kesho yake Rais Ruto akasema hautii saini mswada wote. Pale ndipo nilipojua kuwa kuna watu wanaojua "sifuri" na "msamaha" ni nini kuliko wabunge wao, maana watoto wa miaka 20 walikuwa waelezana kwenye simu kwa Kiswahili na Sheng.

Gesi nayo: Julai 2021 ikawekewa 16%. Mtungi ukapanda, na hapa mtaani kwetu mkaa ukarudi jikoni kwa watu waliokuwa washauacha. Julai 2022 wakashusha 8%. Julai 2023 wakaondoa kabisa, na mwezi huohuo petroli ikatoka 8% ikaenda 16%. Mkono huu wakupa, ule wakunyang'anya.

Jambo moja nitatusifu: tangu 2021 Hazina yetu yatoa ripoti ya kila mwaka ya kodi inayosamehewa, aina kwa aina, na VAT ndiyo yenye fungu kubwa. Waweza kuipakua ukabishana nayo. Nyinyi yenu mwaipata wapi?

Ritani Tarehe 20

Karibu sana, ndugu. Kwetu wengi wanasubiri ripoti ya CAG ikiwekwa mezani bungeni Aprili, halafu magazeti yanachukua jumla, siku mbili ya tatu imesahaulika. Jumla haikusaidii. Ninachotaka mimi kuona ni mstari wa bidhaa moja moja: pedi, bei kabla, bei baada, nani alidai nini. Kwa pedi ule mwaka mmoja sijaona mstari huo. Tuliambiwa bei haikushuka.

Mwalimu Mlezi

Habari zenu. Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kata, Singida, na ndiye mlezi wa wasichana. Nimesoma kurasa zote mbili nikitabasamu, maana mnabishana kuhusu sanduku langu.

Ofisini nina boksi la pedi. Tunachangishana walimu, wazazi wachache wanaoelewa, na mimi ndiye nanunua. Wasichana wanaolitegemea ni kama arobaini. Wengine wote wanajitegemea au wanatumia vitambaa. Binti akiishiwa hasemi ameishiwa, anasema tumbo linauma, anaomba ruhusa. Nimeshajifunza kutouliza swali la pili.

Bei nazikumbuka kwa sababu naandika kwenye daftari. Mei 2018 pakiti 2,000. Desemba 2018, VAT ikiwa imefutwa, pakiti 2,000 ileile. Agosti 2019, mwezi mmoja baada ya VAT kurudi, pakiti 2,500. Nikamwambia muuzaji, mbona ilipotolewa hukushusha? Akasema, "Mwalimu, ilipotolewa mimi hawakuniambia."

Mhasibu, hayo ya hamsini ya chenji nayaelewa. Ila mbona ya kupandia mia tano chenji ilipatikana?

Chuma Chakavu

HAPO SASA. Nilisema nini mwanzo wa uzi?

Mhasibu wa Msimbazi

Mwalimu, sina jibu la kujitetea. Kushuka kunapitia mikono minne, kila mmoja anabakiza kidogo. Kupanda kila mmoja anaongeza cha kwake. Hiyo mia tano siyo VAT peke yake, VAT isingefika huko kutoka 2,000. Kuna mtu, au watu, walipanda lifti ileile.

Mwalimu Mlezi

Basi nawauliza nyinyi wa hesabu. Wasichana 40, pakiti moja kwa mwezi, miezi kumi ya masomo, ni pakiti 400. Ndani ya 2,500 kuna VAT kiasi gani?

Ritani Tarehe 20

Kama bei imejumlisha VAT, unazidisha kwa 18 unagawanya kwa 118. Ni shilingi 381 kwa pakiti. Kwa pakiti 400 ni kama 152,500.

Mwalimu Mlezi

Laki moja na nusu. Hizo ni pakiti 61 zaidi kwenye boksi langu. Ni karibu mwezi na nusu wa wasichana wote arobaini. Sasa mimi sihitaji msamaha unaopitia Kariakoo. Tozeni VAT yenu, kila mtu alipe, na mke wa mbunge alipe, halafu hiyo laki na nusu irudi kwenye boksi. Hilo haliwezekani?

Ritani Tarehe 20

Kitaalamu ndilo jibu ambalo wachumi wengi wangekupa. Msamaha humpa nafuu zaidi anayenunua zaidi, na anayenunua zaidi siyo binti wako. Kukusanya halafu kupeleka moja kwa moja kwa mhitaji ni bora kuliko kusamehe kila mtu.

Chuma Chakavu

Kitaalamu. Mkuu, hela ikishaingia Mfuko Mkuu, nani ataikumbuka sekondari ya kata? Msamaha ukishindwa, angalau mfanyabiashara wa hapa kaipata. Ikienda juu hairudi.

Mja wa Kisauni

Na hilo ndilo lililowatoa vijana wetu barabarani, si mkate peke yake.

Mhasibu wa Msimbazi

Mwalimu, kitu kimoja kidogo kabla hujalibeba hilo la 381 kwenda kwa afisa elimu. Duka unalonunua lina mashine? Huwa unapewa risiti?

Mwalimu Mlezi

Ni duka la hapa stendi. Ana daftari na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

Mhasibu wa Msimbazi

Basi yeye hajasajiliwa, VAT iliyomo inaishia bei ya jumla. Tuseme 320, 330 hivi kwa pakiti. Fanya laki moja na thelathini.

Mwalimu Mlezi

Sawa, pakiti 52. Naandika.